Mama anaogopa hata ufuta

SWALI

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, fundi cherehani, naishi Nachingwea mkoani Lindi. Nakuandikia kwa ajili ya mama yangu mzazi, ambaye sasa nakaa naye hapa kwangu. Ana miaka 58. Mwaka jana aligundulika ana saratani ya titi la kushoto. Alipelekwa Dar es Salaam, titi likaondolewa, akawekewa dripu za kemo, kisha akapigwa mionzi. Namshukuru Mungu alirudi akitembea mwenyewe. Siku ya kuondoka tuliambiwa kile kinyama walichopima kimeonyesha saratani yake ni ile inayokua kwa homoni, kwa hiyo ameze tamoksifeni ya miligramu 20, kidonge kimoja kila siku, kwa miaka mitano. Na kliniki kila baada ya miezi mitatu.

Mwezi wa tano wifi yangu anayeishi Dar alitutumia kwa basi kilo moja ya mbegu ndogondogo za kahawia, zinang'aa na kuteleza mkononi. Anasema zinaitwa flaksi, kwa Kiswahili mbegu za kitani, na kwamba huko mjini wagonjwa wengi wa saratani wanazitumia. Kwenye karatasi aliandika: vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Mama akaanza, anazimeza nzimanzima na uji.

Haijapita wiki mbili, jirani yetu mmoja, mama msomi tunayemheshimu sana, akazikuta mezani akashtuka. Alisema mbegu hizo zimejaa homoni ya kike, na kumpa mgonjwa wa aina ya mama ni kuulisha ugonjwa kwa mikono yetu wenyewe. Akaongeza kwamba ufuta nao ni wa jamii hiyo hiyo, na soya pia.

Tangu siku hiyo mama ameacha ufuta. Wewe unakujua kwetu. Mama amelima ufuta tangu msichana, na kisamvu chake bila ufuta uliotwangwa hakiliki. Mwaka huu wakati wa mavuno, kaka zangu walipokuwa wanakung'uta matita ya ufuta kwenye turubai pale uani, alikaa mbali amejiziba pua kwa kanga, kama vile hata vumbi lake litamdhuru. Uji wa lishe ameukataa kwa sababu una soya. Nyama hataki, sukari hataki, maziwa hataki. Kila anayekuja kumjulia hali anaacha katazo jipya. Gauni nililomshonea yeye mwenyewe kwa vipimo vyake mwezi wa nne, leo linamning'inia kama la kuazima.

Nyumbani tumegawanyika. Wifi amenuna, anasema tunamdharau. Kaka anataka mbegu zitupwe. Mama mdogo alikuja kutoka Ruangwa, yeye anasema mbegu ziendelee na vidonge ndivyo vipumzishwe, maana vinamchosha dada yake.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Wiki iliyopita nilikuwa natafuta mkasi kwenye sanduku la mama, nikakuta pakiti ya vidonge ya mwezi wa sita. Kati ya 30 vimebaki 17. Sijamuuliza mpaka leo. Halafu siku hizi amekuwa mkali, hataki kulala chumbani na mjukuu wake. Usiku anatandika mkeka barazani, analowesha kanga maji, anajifunika, na huu ni wakati wa kipupwe, sisi wengine tuko ndani ya blanketi. Nikimuuliza anajibu, "Ndani kunanichoma." Nadhani ni uchungu wa yale maneno ya jirani.

Naomba unisaidie. Mbegu hizi ni salama kwa mama au la? Na ufuta je? Nimsikilize nani?

Binti wa kwanza, Nachingwea


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Mimi ni mtoto wa Mikindani, najua nyumba inavyokuwa mama anapokataa chakula cha kwao.

Nitajibu kwanza ulichouliza. Kiasi kidogo cha mbegu za kitani, kijiko kikubwa kimoja au viwili kwa siku, zikiwa zimesagwa, ni chakula ambacho mama yako anaweza kula. Tafiti zilizofanywa kwa wanawake wenye saratani ya matiti hazikuonyesha kwamba kitani kinaulisha ugonjwa. Ufuta wa shambani kwake ale bila hofu. Lakini kuna sehemu ya barua yako iliyonitisha kuliko mbegu zote hizo, na haimo kwenye maswali yako. Nitaifikia.

Jirani yenu hakusema uongo kwa makusudi. Alisikia kitu cha kweli akakifikisha nusu. Ndani ya kitani mna vitu vinavyoitwa lignani, na katika vyakula vilivyopimwa kitani ndicho kinachoongoza kwa mbali. Tukizila, bakteria wa utumboni huzigeuza kuwa vitu vingine, kimojawapo kikiitwa enterolaktoni, ambacho umbo lake linakaribiana na la estrojeni, yaani homoni ya kike. Hapo ndipo habari ya "zimejaa homoni" ilipozaliwa. Estrojeni yenyewe haimo. Kuna kitu kinachoshabihiana nayo, nacho nguvu zake ni ndogo sana.

Twende jikoni, utaelewa vizuri zaidi. Chukua mbuzi ya kukunia nazi. Anayeikalia ndiye anayekuna, na akishakaa mmoja hakuna nafasi ya mwingine. Chembe za saratani ya mama yako zina mbuzi zake, ndizo hizo wataalamu wanaziita vipokezi vya homoni. Estrojeni ikikaa pale, nazi inakunwa na chembe inaongezeka. Tamoksifeni ni mtu anayekuja kuikalia ile mbuzi akakunja mikono. Hakuni wala hanyanyuki. Estrojeni ikifika inakuta pameshakaliwa, inarudi. Sasa lignani ni kama mtoto mdogo aliyepanda pale juu: ataparuza kidogo, lakini muda wote huo amemzuia mtu mzima kukaa. Ndiyo maana watafiti waliokuwa na hofu kama ya jirani yenu waliona ni bora wapime kuliko kubishana.

Walipima Toronto, nchini Kanada, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Waliwachukua wanawake waliokoma hedhi, wamegundulika na saratani ya matiti siku si nyingi, wanasubiri upasuaji. Wengine walipewa kila siku keki ndogo yenye gramu 25 za kitani kilichosagwa, wengine keki ya kufanana nayo isiyo na kitani, na hawakuambiwa nani anakula ipi. Baada ya mwezi mmoja hivi, uvimbe ulipotolewa ukapimwa tena. Kwa waliokula kitani, kasi ya chembe za saratani kugawanyika ilikuwa imeshuka kwa karibu theluthi moja, na chembe zilizokuwa zinakufa zenyewe ziliongezeka. Kama mbegu hizi zingekuwa zinaulisha ugonjwa, pale ndipo ingeonekana.

Lakini usikimbilie kumpigia wifi simu kumwambia ameshinda. Wanawake wale walikuwa 32 tu, 19 wa kitani na 13 wa keki tupu, na ilikuwa kwa wiki chache kabla ya upasuaji. Hakuna aliyefuatiliwa kuona nani ameishi muda gani. Mwaka 2013 kukatoka utafiti mwingine wa huko huko, jimbo la Ontario, uliolinganisha wanawake karibu 3,000 waliougua na wengine zaidi ya 3,300 ambao hawakuugua. Waliokuwa wanakula kitani walionekana kuugua kwa uchache kidogo, kama sehemu moja kwa tano. Inatia moyo, ila wanaokula kitani huwa wana mambo mengine pia: wanakula mboga, wanatembea, wanakwenda kupima mapema. Huwezi kuipa mbegu sifa yote.

Na kuhusu kuchanganya kitani na tamoksifeni, jambo ambalo ndilo la nyumbani kwenu: kwenye maabara panya waliopandikizwa uvimbe wa titi la binadamu walipewa vyote viwili. Kitani hakikuizuia tamoksifeni kufanya kazi, tena uvimbe ulipungua. Panya si mama yako, najua. Ndiyo maana nasema kijiko kimoja au viwili, na daktari wake aambiwe, wala sisemi bakuli.

Soya nayo ilisingiziwa hivyo hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti kutoka Shanghai, China, uliowafuatilia wanawake zaidi ya 5,000 waliopona upasuaji wa saratani ya matiti. Waliokula soya zaidi ndio ambao saratani iliwarudia kwa uchache na vifo vyao vilikuwa vichache. Kwa hiyo mwanangu, ule unga wa lishe ulioufunga kabatini, ufungue leo.

Na ufuta. Ufuta una lignani, ni kweli, unakifuata kitani japo kwa nyuma sana. Bibi zetu wa Kimwera, Kimakonde na Kimakua wameutwanga kwenye mboga tangu hapo, na hakuna sababu ya kitabibu ya kumnyima mama yako. Una mafuta mazuri, una protini, una madini ya chuma na chokaa, vitu anavyovihitaji mtu aliyetoka kwenye kemo na mionzi huku gauni linamning'inia. Iliniuma niliposoma kwamba alijiziba pua kwenye turubai. Mtu aliyelima zao maisha yake yote amefanywa alikimbie kama moshi wa sumu. Mrudishie ufuta wake. Ukaange kidogo mpaka ulie, utwange mbele yake, utie kwenye kisamvu, na wewe uwe wa kwanza kuonja. Nyama kidogo, samaki, mayai, maziwa, mbaazi, ming'oko ikipatikana, vyote ale. Anayehitaji kulindwa sasa ni mama asiendelee kukonda, maana mwili uliokonda hauna akiba siku homa ikija.

Kama mtaamua kuendelea na kitani, namna mnavyokitumia ibadilike.

Mbegu nzima humezwa na kutoka kama ilivyoingia, ganda lake ni gumu na tumbo haliliwezi. Isagwe, au itwangwe kwenye kinu kile cha ufuta, kidogo kidogo ya siku mbili tatu, ikae kwenye chombo chenye mfuniko mahali pa baridi. Ikishasagwa mafuta yake huharibika upesi kwa joto letu. Ukisikia inanuka kama rangi ya mlango, mwaga. Aanze na kijiko kimoja kikubwa, juu ya uji au mboga, na lazima anywe maji ya kutosha, kwa sababu unga huu hunyonya maji na kuvimba kama bamia ilivyo na utelezi. Bila maji utamfungia choo, na mtu aliyewahi kuziba utumbo asiutumie kabisa. Siku akiharisha apumzike nao. Vidonge vyake vyote, tamoksifeni na vingine kama anavyo, avimeze mbali na kitani, saa mbili kabla au baada, utelezi ule usije ukavishika. Na kama anatumia dawa ya kuyeyusha damu, au presha, au sukari, daktari ajue, maana kitani kinaweza kuongeza kidogo kazi ya dawa hizo.

Vijiko vinne kwa siku alivyoandika wifi ni vingi. Halafu kuna jambo ambalo watu wa Kusini tutalielewa haraka. Unaujua muhogo mchungu, unavyolowekwa na kuanikwa ndipo uliwe. Sumu ile inayotolewa kwa kuloweka, ambayo mwilini hutoa sianidi, inaitwa linamarini, na jina hilo limetokana na Linum, jina la kisayansi la kitani, kwa sababu kitani nacho kinayo na ndugu zake. Kijiko kimoja au viwili mwili unavimudu bila taabu. Mtu anayekula kikombe kizima cha mbegu mbichi akidhani anaharakisha kupona ndiye ninayemhofia. Mkikaanga kidogo au kupika kwenye uji inapungua.

Mafuta ya kitani ya chupa msinunue kwa ajili hii. Lignani hubaki kwenye makapi, kwenye mafuta hazifiki.

Sasa nirudi barazani.

Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara nasimama kwenye ule mkeka. Mwanamke wa miaka 58, usiku wa mwezi wa saba Nachingwea, watu wako ndani ya blanketi, yeye amejifunika kanga iliyolowa maji na anasema kunamchoma. Umedhani ni uchungu wa moyo. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafu, na maneno hayo nimeyasikia kwa wanawake wengi: "nafukuta", "kama nimeingizwa kwenye tanuri", "jasho linanitiririka mgongoni mara naanza kutetemeka". Hilo ni fukuto, joto la ghafla linalopanda kifuani na usoni, na tamoksifeni inajulikana sana kwa kulileta. Usiku ndio huzidi. Mtu halali, na asiyelala anakuwa mkali, hata mjukuu anayempenda hamtaki kitandani.

Weka hilo pamoja na vidonge 17. Kwa maoni yangu mama yako hakuacha dawa kwa sababu ya maneno ya mama mdogo. Aligundua mwenyewe kwamba siku asiyomeza au wiki anayoruka, anapata nafuu kidogo. Mbegu zikamjia wakati huo huo, na mtu akamwambia zinatosha. Wewe ungefanya nini usiku wa tatu bila usingizi?

Hajakwambia kwa sababu wewe ni mtoto wake. Dawa hii huleta pia ukavu au uchafu wa ukeni kwa baadhi ya wanawake, na hayo mama wa kwetu hamwambii bintiye. Huenda kamwambia mdogo wake. "Vinamchosha dada yangu," alivyosema mama mdogo, sidhani kama aliyatunga. Alisikia malalamiko ya kweli, akatoa ushauri mbaya. Mpigie, usimgombeze, muulize: "Mama mdogo, mama alikwambia vidonge vinamfanya nini?"

Uzito wa kidonge hicho nikueleze wazi. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya majaribio 20 yaliyounganishwa pamoja. Wanawake wenye saratani ya aina ya mama yako waliomeza tamoksifeni kwa kama miaka mitano, vifo vyao kutokana na saratani ya matiti katika miaka 15 ya mwanzo vilipungua kwa karibu theluthi moja, tena na miaka mingi baada ya kuacha kuimeza bado walikuwa wanafaidika. Hakuna mbegu yoyote duniani iliyowahi kuonyesha kitu kama hicho. Upasuaji, dripu na mionzi mliyoihangaikia vimefanya kazi yake, na kidonge hiki ndicho kinacholinda yote hayo. Mama yako akimeza 13 kati ya 30, ulinzi wake ni nusu nusu.

Habari njema ni kwamba bado mko ndani ya muda. Dawa hii hukaa mwilini siku kadhaa, na mwezi mmoja wa kurukaruka unarekebishika. Aanze leo, kimoja, kama kawaida. Asimeze viwili kufidia.

Na fukuto litibiwe, asiambiwe avumilie tu. Ajaribu kubadilisha saa ya kumeza, kuna wanaopata nafuu wakihamishia asubuhi. Jioni apunguze chai ya moto na pilipili, alale na nguo nyepesi ya pamba, dirisha liwe wazi na chandarua juu. Hiyo kanga ya maji ni akili yake mwenyewe na si mbaya, ila barazani mbu watamla. Zaidi ya hapo zipo dawa za kupunguza fukuto ambazo daktari anaweza kumwandikia. Msinunue wenyewe dukani, kwa kuwa katika dawa hizo zimo zinazopunguza nguvu ya tamoksifeni mwilini, na daktari ndiye anayejua zipi. Dawa za homoni wanazopewa wanawake wengine waliokoma hedhi ndizo hazimfai kabisa.

Mtu atakuja kukwambia kitani chenyewe kinatibu fukuto. Lilifanywa jaribio Marekani, likachapishwa mwaka 2012, wanawake 188, baadhi yao wakiwa wamewahi kuugua saratani ya matiti. Nusu walikula kila siku kipande chenye kitani kwa wiki sita, nusu kipande kisicho nacho. Walitofautiana? Hawakutofautiana. Kwa hiyo kitani kibaki kwenye uji, fukuto liende kliniki.

Msingoje miezi mitatu iishe. Kama mlipewa namba ya simu kule Dar, pigeni. Kama hamna, nendeni Hospitali ya Mkoa ya Sokoine pale Lindi, au Ndanda ambayo si mbali nanyi, mkiwa na karatasi zake zote, pakiti ya vidonge pamoja na vile vilivyobaki, na kijiko cha zile mbegu kwenye karatasi ili daktari azione. Uliza mbele yake kuhusu fukuto, kwa sauti ya kawaida, ili mama asikie kwamba ni jambo linaloulizwa. Kisha toka nje, muache na daktari au muuguzi wa kike, yale mengine atayasema mwenyewe.

Kuna matatu hayasubiri kliniki yoyote: damu yoyote kutoka ukeni kwa kuwa ameshakoma hedhi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukata. Tamoksifeni mara chache huleta madhara kwenye kizazi, na mara chache huleta damu kuganda. Mkiona mojawapo, siku hiyo hiyo hospitali.

Namna ya kumuanza ndiyo utakayoniuliza. Usiende na pakiti mkononi kama askari aliyekamata kitu. Ngoja usiku, yeye akiwa kwenye mkeka wake, chukua wako utandike pembeni. Mwambie, "Mama, nimeambiwa dawa zako zinaleta joto la usiku. Ndilo hili?" Halafu nyamaza. Akikwambia ndiyo, utakuwa umeipata shida yenyewe, na habari ya vidonge 17 ataileta mwenyewe. Asipoileta, siku ya pili mwambie kwa upole kwamba uliviona ukitafuta mkasi, na kwamba hujakasirika, umeogopa. Mwambie hilo neno, umeogopa. Mama anayemeza dawa kwa ajili ya mtoto wake nimemwona mara nyingi kuliko anayemeza kwa ajili yake mwenyewe.

Wifi mshukuru. Alifungasha kilo nzima, akaipeleka stendi ya basi, hakulazimika. Mwambie mama anakula kijiko kimoja na mbegu zimefika mahali pazuri. Jirani naye mkaribishe siku ya kisamvu, ale pamoja na mama ufuta ule ule aliouogopa, na mumweleze habari ya mbuzi ya nazi. Mtu msomi akielewa, katazo lake ndilo litakalofutika mtaani haraka kuliko yote. Kaka asitupe kitu.

Niandikie mkirudi hospitali. Nataka kujua mama anakula nini, pakiti ya mwezi huu imebaki vidonge vingapi, na usiku amelala wapi.